Kasiani Fundi Bomba na Birika la Mgiriki

Kasiani Namkunda alikuwa kibarua wa muda kwa miaka kumi na saba, na ukimwuliza mtu wa ofisini muda huo utakwisha lini, alikutazama kama umemwuliza tarehe ya kiama. Aliingia katika nyumba ile ya Kunduchi mwaka wa hamsini na nane, enzi za Mgiriki mwenye mashamba ya katani. Uhuru ukaja ukamkuta kibarua. Azimio likaja likamkuta kibarua. Mgiriki akafungasha akaenda zake, nyumba ikachukuliwa na Shirika la Magunia na Kamba, wakaja makarani wawili kuandika kila kilichokutwa humo: vitanda sita, majokofu mawili, kinanda kibovu kimoja, fundi bomba mmoja. Majokofu yalibandikwa namba. Kasiani hakubandikwa kitu.

Alikuwa Mmwera wa Ndanda, mfupi, mwenye mikono mipana kuliko umbo lake. Kazi ya bomba aliifundishwa misheni na Bruda mmoja Mjerumani ambaye hakujua kusifu. Bomba likivuja alinguruma, lisipovuja alinyamaza. Kutoka hapo Kasiani akaenda Nachingwea kwenye mradi wa karanga, na karanga ziliposhindwa kuota kama Waingereza walivyotaka, akaja Dar es Salaam na begi la spana. Akapanga chumba Mtongani, karibu na machimbo ya kokoto, yeye na mkewe Rosalia na binti yao Yustina, ambaye sasa ameshaolewa.

Alichotaka Kasiani duniani kilikuwa kitu kimoja: barua ya kuthibitishwa kazini, yenye muhuri. Mfanyakazi wa kudumu akiugua hulala kwake kwa amani. Na mfanyakazi wa kudumu akifa, Shirika hutoa jeneza na lori, akapelekwa kwao hata kama kwao ni Ndanda na ni masika na barabara ya kusini imegeuka uji. Kibarua akifa, wenzake hupitisha kofia, na kofia ikishamaliza kuzunguka Mtongani humfikisha marehemu makaburi ya jirani tu. Rosalia alikuwa hafichi hofu yake.

"Baba Yustina, mie sitaki ukazikwe kwenye kokoto," alimwambia. "Nataka ukalale kwenu, na mie siku yangu nije nilale pembeni yako. Hiyo barua itafute."

"Naitafuta, Mama Yustina."

"Unaitafuta umekaa kimya. Barua gani inatafutwa kimya?"

Sasa, mwezi wa pili mwaka wa sabini na tano, makao makuu yakaleta waraka. Ugeni mzito ulikuwa unakuja kutoka nchi rafiki, nchi ya baridi, na ungelala Kunduchi. Mtu fulani huko juu, katika kupekua orodha za zamani, alikuwa ameona maneno "birika la kuogea maji moto, moja." Akaandika kwa wino mwekundu: Liwe tayari katika siku kumi na nne.

Waraka ule ulimwangukia Ndugu Theonest, meneja wa nyumba. Huyu alikuwa mtu wa Bukoba, msomi, mwenye suti ya mikono mifupi na mifuko minne. Mfuko wa kwanza ulikaa kalamu, wa pili miwani, wa tatu muhuri wa Shirika, ambao hakuuacha mezani hata anapokwenda msalani, na wa nne leso ya kufutia jasho. Siku hiyo leso ilifanya kazi kuliko vyote. Alikwenda kumtafuta Kasiani mwenyewe, kwa miguu, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Ndugu Kasiani, hili birika linaweza kufanya kazi?"

"Linaweza, Ndugu Meneja, nikiachiwa."

"Ukiliwasha kabla ya wageni, barua yako nitaipeleka mimi mwenyewe makao makuu. Naapa."

Kasiani alishaapiwa na mameneja watatu kabla ya huyu. Hata hivyo moyo ulimruka, na alijichukia kidogo kwa kuuona moyo wake mwepesi namna ile.

Birika lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba. Lilikuwa shimo la mviringo, la saruji, limepambwa vigae vya buluu, na ndani limezungukwa na benchi, hata watu wanane wakikaa magoti yao hayagongani na maji yanawafika kifuani. Pembeni palikuwa na tanuri la matofali, na tumboni mwa tanuri bomba la shaba lililopindwapindwa. Ukikoka kuni, maji ya moto yanapanda yanaingia birikani, ya baridi yanashuka kupashwa, mzunguko wenyewe bila mashine. Mgiriki alilijenga kwa ajili ya mgongo wake mbovu. Kila bomba humo lililazwa na Kasiani, na katika miaka yote ile Kasiani hakuwahi kutia maji yale hata kidole cha mguu.

Tangu Mgiriki aondoke, birika lilikuwa limepewa majukumu mengine ya ujenzi wa taifa. Ndani yake mlikuwa na viti kumi na vitatu visivyo na miguu, taipu mbili zilizoota kutu, mabango ya sherehe za miaka iliyopita, na mafaili ya Kamati ya Mipango yaliyokuwa yamenyeshewa hadi yakawa tope. Juu ya tope hilo waliishi vyura, waliokuwa wakikaa kikao kila mvua inaponyesha, na mahudhurio yao yalikuwa mazuri kuliko ya Kamati.

Mali ya umma haiondolewi hivihivi. Ikaundwa kamati ndogo ya kuondoa mali birikani. Kamati ilikaa siku tatu, ikala kuku, ikasimama ukingoni mwa birika ikaangalia chini kwa huzuni, ikaandika kwamba hali ni mbaya. Siku ya nne Kasiani alivua shati, akaingia, na kufikia adhuhuri kila kitu kilikuwa nje, vyura wakiwemo. Siku kumi zilibaki.

Hapo ndipo alipoona nyufa. Mizizi ya mwashoki ilikuwa imepenya upande wa mashariki, na sakafu imepasuka kutoka ukuta hadi tundu la kutolea maji. Akaomba saruji, mifuko miwili. Wilbert, karani wa ofisi, akamjazia fomu ya kibali, fomu ikapelekwa mjini, jibu likarudi haraka isivyo kawaida: saruji ingepatikana robo ya tatu ya mwaka. Wageni walikuwa wanakuja robo ya kwanza.

"Waambieni wageni waje robo ya tatu," alisema Kasiani.

Wilbert akaanza kuandika, hadi Kasiani akamshika mkono.

Akaenda kwa Mwishehe, mchoma chokaa wa Kunduchi, mtu wa pwani ile tangu babu wa babu yake. Mwishehe alikuwa akipanga magogo na matumbawe, akayachoma, akapata chokaa nyeupe ambayo ndiyo iliyojenga misikiti na makaburi ya watu wa zamani kabla saruji haijazaliwa. Walikuwa wakitaniana tangu walipofahamiana.

"Mmwera amekwama!" Mwishehe alipiga kelele alipomwona. "Nyie si mna saruji ya serikali?"

"Ya serikali imekwenda kwa serikali. Nipe chokaa, Mwishehe, na unifundishe kuipiga."

"Chokaa haina pupa. Inalowekwa, inalala, inapondwa. Ukiifanyia haraka inakupasukia."

"Ina siku ngapi?"

"Saba."

"Nina nane, na kuipiga bado."

Mwishehe akamtazama, akaona mtu ana shida ya kweli, akaacha utani. Alimpa chokaa iliyokuwa imeshalala wiki nzima, aliyoiweka kwa ajili ya kaburi la shangazi yake, akaja na vibao vyake, na wazee wale wawili wakapiga magoti ndani ya birika siku tatu, wakiipiga ile chokaa nyufani kwa vibao, pa, pa, pa, mpaka ikang'aa kama kigae. Shangazi, alisema Mwishehe, hakuwa mtu wa haraka.

Mambo mengine Kasiani aliyapata kwa kujipinda. Bomba la shaba lilikuwa limeziba kwa magadi na kutu ya kijani, na dawa ya kusafishia ilihitaji fedha za kigeni. Rosalia aliloweka ukwaju ndoo nzima, wakaumimina bombani, ukalala humo siku mbili, na ulipotoka ulitoka na uchafu wa miaka minane. Mipira ya koki aliikata kwenye kandambili. Katani ya kuzungushia maungio ya mabomba yasivuje ndiyo iliyomchekesha. Katika ghala lote la Shirika la Magunia na Kamba hapakuwa na uzi mmoja wa katani. Ulikuwa umeuzwa nje. Palikuwa na gunia moja tu, la maonyesho, limetundikwa ukutani mapokezi ndani ya kioo. Kasiani alifungua kioo, akalifumua gunia upande usioonekana, akalirudisha.

Siku ya tatu kabla ya ugeni, asubuhi, alijaza maji, akakoka moto. Moshi ulipanda moja kwa moja. Maji yakaanza kutembea bombani, yakapanda, yakashuka, na hakuna palipovuja hata tone. Kasiani alinyamaza kama Bruda. Alitumbukiza mkono hadi kiwikoni, akauacha humo kitambo, machozi yakamlengalenga, akasema ni moshi.

Lakini moshi ule ulionwa na Kunduchi nzima. Na kuna habari ya zamani mji huu, ambayo mtu mzima anaweza kuicheka mchana mbele ya watu na bado asipite peke yake mahali fulani: habari ya mumiani, watu wanaotumwa kukamata wenzao, wakawatundika miguu juu, wakawakamua damu ikatengenezwe dawa. Enzi za Mgiriki watu waliliita birika lile sufuria, na hawakuwa wakitania. Shimo la duara, moto pembeni, Mzungu ndani mwekundu kama kamba aliyechemshwa, na chini tundu lenye bomba linalopeleka kitu pasipojulikana! Sasa sufuria lilikuwa limewashwa tena. Jioni hiyohiyo watoto waliitwa ndani mapema, na muuza kuni akarudisha mzigo wa pili nusu ya njia.

Sadallah, dereva wa nyumba, kijana wa Kizaramo mwenye miraba minne, alimfuata Kasiani.

"Mzee Kasiani, shikamoo."

"Marahaba."

"Mie nakuheshimu. Hebu niambie ukweli. Lile tundu la chini linakwenda wapi?"

"Linakwenda kwenye karo la maji machafu, Sadallah. Nililichimba mwenyewe."

"Wewe ulichimba sehemu yako," alisema Sadallah kwa huruma. "Ya wenzako huijui."

Ndugu Theonest naye alikuwa na hofu yake, ya kisomi zaidi. Katika kikao cha maandalizi mtu mmoja wa nyuma alikuwa ameuliza, kwa upole wa kutisha, kama nchi inayojenga ujamaa inahitaji shimo la kuchemshia wakubwa. Ndugu Theonest hakulala vizuri, lakini asubuhi alikuwa na jibu. Aliagiza ubao upakwe rangi, ukasimikwa ukingoni kwa misumari minne: BIRIKA LA WAFANYAKAZI. Kikao kilipiga makofi. Hakuna mfanyakazi aliyeulizwa.

Wageni wakaja Jumamosi saa nne asubuhi, magari matano. Mkuu wa msafara alikuwa mzee mnene, mcheshi, kutoka nchi ambako, tuliambiwa, bahari yenyewe huganda ukatembea juu yake. Alisalimia, akanywa maji ya dafu, akazungushwa kuona gunia la mapokezi upande ulio mzima, na mwisho akafikishwa birikani. Mvuke ulikuwa unafuka. Alichutama, akatia kiganja majini, uso ukamchanua. Akasema kitu, na mkalimani akakigeuza.

"Anauliza, hili ni la mkurugenzi?"

"Hapana!" Ndugu Theonest aliruka. "La wafanyakazi. Someni ubao. Wanaoga humu kila siku baada ya kazi."

Mkalimani akasema. Mzee akamshika Ndugu Theonest mabega yote mawili, akamtikisa kwa furaha.

"Anasema katika ziara yake yote hajaona kitu kizuri kama hiki. Anaomba awaone wafanyakazi wakioga."

"Leo wako kazini."

"Anasema atasubiri."

Na kweli akavuta kiti akakaa, mikono juu ya tumbo, na msafara mzima ukakaa naye, na mpiga picha wa gazeti akafungua kamera yake.

Ndugu Theonest alitokea jikoni akihema. Wafanyakazi wa kudumu wa nyumba ile walikuwa watatu. Kokuberwa, mpishi, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mama yake meneja, huko Bukoba, akisikia mwanawe anamwambia mwanamke wa watu avue nguo mbele ya Wazungu, atasema nini. Wilbert alishikwa na kikohozi papo hapo. Sadallah alisimama wima kama askari.

"Ndugu Meneja, nina watoto wanne na mama mjane. Nifukuze kazi. Kwenye sufuria siingii."

Basi akabaki Kasiani, ambaye alikuwa nyuma ya tanuri akichochea kuni, masizi usoni.

"Kasiani, vua, ingia. Upesi."

Kasiani aliweka chini kijiti cha kuchochea. Baadaye, akisimulia, alisema hakupanga neno hata moja. Yalikuja yenyewe, kama koki iliyokwama miaka kumi na saba ikalegea.

"Siwezi, Ndugu Meneja."

"Kwa nini huwezi?"

"Ubao unasema wafanyakazi. Mie si mfanyakazi. Mie kibarua wa muda."

"Kasiani!"

"Nikiingia nitakuwa nimewadanganya wageni wa taifa."

Ndugu Theonest alitazama nyuma. Mzee mcheshi alimpungia mkono. Leso ilikuwa imelowa haina tena nafasi.

"Barua utapata Jumatatu. Nimeapa."

"Umeapa, ndiyo. Na Ndugu Mushi aliyekutangulia aliapa, na yule kabla yake. Mie nangoja, sina haraka. Ila kuni zinakwisha, maji yatapoa."

Ndugu Theonest akachomoa ratiba ya ziara, akaigeuza mgongo, akaandika amesimama, karatasi juu ya mgongo wa Sadallah, aliyekuwa amemfuata pamoja na Kokuberwa kutazama: *Ndugu Kasiani Namkunda amethibitishwa kazini kuanzia leo.* Akatoa muhuri mfuko wa tatu, akaupulizia pumzi, akaugonga. Sadallah alisema aliusikia mpaka mbavuni. Kasiani alisoma maneno yale mara mbili, akayakunja, akamkabidhi Kokuberwa ayafunge kwenye pindo la khanga. Kisha akavua hadi akabaki na kaptura, akanawa masizi, akaingia birikani.

Nisikufiche, msomaji: alifurahi. Maji yalimpanda magotini, kiunoni, kifuani, na magoti yake, yaliyokuwa yakimsumbua tangu enzi za kulaza mabomba kwenye matope ya Nachingwea, yakanyamaza. Alikaa kwenye benchi aliloliwekea vigae kwa mkono wake. Alisikia maji yakizunguka nyuma ya mgongo wake, ya moto yakipanda, ya baridi yakishuka, sawasawa, bila kosa. Akacheka peke yake. Wageni wakasimama wakapiga makofi, kamera ikameta, na mzee mcheshi akauliza kupitia mkalimani, ndugu mfanyakazi umekuwa hapa muda gani.

"Miaka kumi na saba na dakika tano," alisema Kasiani.

Jumatatu gazeti lilimtoa. Mtongani lilisomwa hadi karatasi ikachanika. Rosalia aliibandika ile ratiba yenye muhuri juu ya kitanda, karibu na rozari, akapika wali wa nazi, majirani wakaja, hata Mwishehe akaja na kudai sehemu ya heshima kwa niaba ya shangazi yake. Usiku ule Rosalia alilala akimshika mkono mumewe kama walipokuwa wachumba.

Barua yenyewe, ile rasmi, ilifika mwezi wa tano. Ilikuwa na kurasa mbili. Kasiani aliisoma mlangoni, Rosalia akisikiliza huku akipepeta mchele.

Ofisi ya utumishi ilieleza kwamba imeshangazwa na karatasi ya Ndugu Theonest, lakini kwa kuwa picha ilikwisha kutoka gazetini, haiwezekani tena kusema mtu yule si mfanyakazi. Tatizo lilikuwa ikama, ile hesabu ya nafasi za kazi. Katika ikama ya nyumba ya Kunduchi hapakuwa na nafasi ya fundi bomba, wala isingekuwapo kabla ya mpango wa miaka mitano ijayo. Nafasi iliyokuwapo ni mpya, imefunguliwa kwa ajili ya birika. Kwa hiyo Ndugu Kasiani Namkunda anaajiriwa kwa kudumu kwa cheo cha Mfanyakazi wa Birika. Jukumu lake: kuwemo birikani wageni wanapotembelea. Ili kulinda mgawanyo wa kazi, haruhusiwi kushika vifaa vya ufundi. Kwa kazi za ufundi ameajiriwa kibarua wa muda.

Rosalia aliacha kupepeta. "Kuwemo birikani kufanya nini?"

"Kuoga."

"Wewe fundi mzima, na mvi zako?"

"Ndivyo walivyoandika."

Rosalia akauvuta ungo karibu. "Na lori la Ndanda?"

Kasiani akatafuta ukurasa wa pili. "Lori limo. Na jeneza."

"Basi oga, Baba Yustina," alisema Rosalia, akainamisha kichwa kwenye ungo ili asimwone uso.

Akaoga. Mwaka ule nchi ilikuwa na marafiki wengi. Walikuja wa mashariki na wa kaskazini, wa vyama na wa majeshi, wa akina mama na wa vyuo, na kila waliposhuka garini Kasiani alikuwa tayari majini hadi kifuani, anatabasamu. Alipewa kaptura ya kazi yenye nembo ya Shirika. Alipewa namba, ikashonwa kwenye kaptura. Watoto wa Mtongani walimwita Mzee wa Sufuria, na wakubwa zao waliwakemea wakiwa wanacheka.

Kibarua aliyechukuliwa kwa ajili ya mabomba aliitwa Marijani, mtu mwema, aliyetengeneza baiskeli maisha yake yote. Bomba alilitendea kama baiskeli: alilipaka grisi, akalifunga mpira, akalisukuma. Siku ya kwanza Kasiani alimwelekeza kidogo, akiwa amechutama pembeni na spana mkononi. Ndugu Theonest akatokea.

"Ndugu Kasiani, weka spana. Mkaguzi akikuona unafanya kazi, mtaniponza wote."

"Anakaza upande usio wake, Ndugu Meneja. Kutakatika."

"Hiyo ni kazi yake kukatika. Wewe una cheo."

Akaiweka. Kutoka siku hiyo aliiangalia kazi yake ikifa polepole, kama mtu anayeangalia shamba lake likilimwa na mgeni. Chumvi ikaganda bombani, na hakuna aliyeleta ukwaju. Mipira ikaliwa. Nyufa za mashariki zikaanza kutoa jasho, na Marijani akazipaka rangi ya buluu.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba mwaka wa sabini na sita, baridi ya kipupwe ikiwa bado juu ya majani, bomba la tanuri lilipasuka kwa ndani. Marijani alilifunga mpira wa baiskeli, mpira ukayeyuka, moto ukazimwa na maji yaliyomwagika. Wageni walikuwa wameshavuka Mwenge. Kasiani alisimama na kaptura yake yenye namba akitazama mpasuko ule. Alijua pa kukata, pa kuunga, na ingemchukua chini ya saa moja. Spana ilikuwa hapo chini, hatua tatu.

"Nipe saa moja," alimwambia Ndugu Theonest. "Saa moja tu, nakuomba."

"Magari yako getini! Ingia!"

"Maji baridi, Ndugu Meneja."

"Nani atajua? Ingia, au nipige simu utumishi waseme nafasi haina mtu?"

Akaingia. Maji ya kisima yaliyolala nje usiku kucha yalimkamata magotini kwanza, kisha mbavuni. Ukingoni wakajipanga wageni wakiwa na makoti, na mbele yao bibi mmoja mwenye nywele nyeupe na macho ya huruma, aliyeinama kabisa ili amwone vizuri. Aliuliza jambo. Mkalimani akatabasamu.

"Anauliza, ndugu, maji yana moto wa kutosha?"

Kasiani alikuwa amesema uongo katika maisha yake, kama mtu yeyote, kwa wenye nyumba na kwa mapadri, lakini juu ya bomba, hata siku moja. Alimtazama Marijani, aliyejificha nyuma ya tanuri na spana. Alimtazama Ndugu Theonest na muhuri wake. Aliiona barabara ya kusini wakati wa masika, na lori.

"Yana moto sana," alisema. "Mwambie tunashukuru."

Akabana meno yasigongane, akakaa kwenye benchi lake, akawapungia mkono mpaka gari la mwisho lilipotoka.